Kijana, usifyeke kichaka kilichoota kwenye kifusi

Wiki tatu zilizopita nilipigiwa simu na kijana mmoja wa upande wa Mikumi. Analima vitunguu na alizeti, mchapakazi kweli, na simu zake huwa za maana. "Shikamoo mkuu. Nimepata eka nne za bure." Nikaitikia marahaba, ila hilo neno "bure" likanishtua. Ardhi ya bure kando ya barabara, siku hizi?

Kumbe ni pale ambapo mkandarasi fulani alichimba moramu miaka ya nyuma, akamwaga kifusi na mawe yasiyofaa kwa kokoto, halafu akafunga kambi akaondoka. Kijiji kimekaa na lile lundo miaka kama tisa, hamna anayelitaka. Sasa limeota kichaka, na serikali ya kijiji imemwambia kijana safisha ulime. Trekta alikuwa ameshaongea nalo, linakuja Jumamosi. Mpango wake: fyeka, choma, lima, subiri mvua, mwaga alizeti.

Nilimwomba kitu kimoja tu, asiwashe kiberiti kabla sijafika. Ijumaa nikapanda pikipiki nikaenda.

Naandika haya kwa sababu najua si yeye peke yake. Kuanzia Dumila, Rudewa, Kilosa mjini, kushuka Ulaya (Ulaya yetu ya Kilosa, ile isiyohitaji pasipoti) mpaka Mikumi, wilaya yetu imechimbwa sana miaka hii. Kuna barabara. Kuna reli ya SGR ambayo kipande chake cha Morogoro hadi Makutupora kinapita Kilosa milimani, tena kwenye mahandaki. Handaki likitobolewa, mlima unatoka nje kwa malori. Kuna machimbo ya kokoto na ya mchanga. Kila penye shimo ujue pembeni yake kuna lundo, na kila lundo lina kijana anayeliangalia akiwaza eka. Msimamo wangu nauweka hapa mwanzoni msije mkautafuta chini: lundo likishaanza kuota lenyewe, msilifyeke na msilichome. Wacheni kile kichaka. Hata kama mnahitaji ardhi. Hasa kama mnahitaji ardhi.

Najua maafisa ugani wenzangu kadhaa watanipinga. Mmoja ameshaniambia nimegeuka mtu wa mazingira nimesahau kilimo. Subirini kwanza.

Turudi kwenye lundo. Ukilitazama kwa mbali unaona pori tu. Ukilipanda unaona kitu kingine. Kileleni, ambako upepo unapiga na magari yalikuwa yanageuzia, ni kipara: mawe, udongo mgumu kama sakafu, na vijishina vya mbigili hapa na pale. Ubavuni kuna ukoka umetambaa, umeshika kokoto kama wavu. Katikati ya ukoka kuna mwingajini, kishona nguo, marejea ya porini yenye maua ya njano, na migunga midogo inayokufika kiunoni. Chini kabisa, mguuni pa lundo ambako maji hutulia, ndiko kichaka hasa: mkulajembe, migunga mirefu kuliko mimi, mkwaju mmoja mchanga. Na kinyesi cha mbuzi kila mahali. Usikidharau kinyesi cha mbuzi, nitakirudia.

Nikamwambia alete jembe. Tukachimba kileleni: jembe likaruka, tukaona cheche. Tukachimba ubavuni kwenye ukoka: kidole kimoja cha udongo mweusi, halafu kifusi. Tukachimba chini ya mgunga: vidole vinne. Udongo mweusi, una minyoo, una harufu ya mvua. Chini yake kifusi kile kile kama cha kileleni. Kijana akakaa chini, akaushika mkononi, akauliza, "Huu umeletwa na nani?"

Haujaletwa na mtu. Umetengenezwa pale pale, na hiyo ndiyo mali aliyokuwa anataka kuichoma Jumamosi.

Sasa niseme la kwangu, maana nisipolisema mtadhani nimezaliwa najua. Mwaka 2014 kikundi cha vijana kilinifuata na eneo la namna hii hii, upande wa Rudewa. Shimo la moramu na lundo lake, limeota majani na vichaka. Mimi nilikuwa mgeni kazini, nina vyeti vipya na haraka. Nikawaandikia mpango: safisha, choma, lima kwa kukatisha mteremko, panda ufuta, weka DAP. Wakanisikiliza, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Mvua ya kwanza udongo ukafunga juu kama chungu kilichokauka, miche ikashindwa kutoboa. Mvua ya pili, ile kubwa, ukapasuka makorongo. Tope na mawe vikashuka moja kwa moja kwenye mpunga wa mama mmoja aliyekuwa analima bondeni. Robo eka yake ikafunikwa. Kesi ikaenda baraza la kata, vijana wakalipa, kikundi kikavunjika. Hakuna aliyeniuliza mimi chochote. Lile lundo mpaka leo lina makorongo, na majani yamerudi sehemu chache sana kwa sababu kile kidogo kilichokuwa kimejengwa juu kilishuka na maji.

Nilikosea nini? Nilidhani ile ni shamba lililoota magugu. Shamba lililoota magugu lina udongo chini yake. Lundo halina. Lina majani, na majani ndiyo yanayotengeneza udongo. Ukiyaondoa umeondoa kila kitu.

Walionifungua macho ni watu wa makaa ya mawe. Mikumi mnayaona malori yanashuka na makaa kutoka kusini, yamefunikwa turubai, yanaacha vumbi jeusi kwenye matuta ya barabarani. Huko yanakotoka, mgodi wa Ngaka kule Mbinga ulianza uzalishaji mwaka 2011, na Kiwira ni wa zamani zaidi, ulijengwa miaka ya 1980 kwa msaada wa China. Kila mgodi wa makaa una mlima wake wa mabaki: mwamba na udongo uliotolewa ili kuyafikia makaa, na makaa hafifu yasiyouzika. Wenzetu wa Ulaya, ile ya pasipoti, wana milima hiyo tangu enzi za mababu zao, kwa hiyo wamekuwa na muda mrefu wa kuiangalia inavyoota.

Na mabaki ya makaa ni mahali pabaya kwa mmea kuliko kifusi chetu, pabaya sana. Kwanza ni meusi: jua likiwaka, uso wake unaweza kupita nyuzi joto 50, mche unaungua shingoni. Pili, mengi yana madini ya salfa na chuma yanayong'aa kama dhahabu ya uongo. Yakikutana na hewa na maji yanatoa asidi. Udongo ukifika chini ya pH 4, aluminiamu inayeyuka na kuumiza mizizi. Ukiona maji yanayotoka chini ya lundo yana rangi ya kutu, au madoa ya njano iliyofifia kwenye udongo ulio tupu miaka nenda rudi, shuku hilo. Tatu, mengine yanashika moto yenyewe kwa ndani. Na juu ya yote hayo hamna mboji, hamna nitrojeni ambayo mmea unaweza kuitumia, maji hayakai.

Lakini yanaota. Polepole, kwa mabaka, ila yanaota. Kule Jamhuri ya Cheki, maeneo ya Most, kuna milima ya mabaki ya makaa ya kahawia. Mingine walisawazisha, wakamwaga udongo, wakapanda miti kwa mistari. Mingine waliiacha tu. Watafiti wa huko wakiongozwa na Karel Prach wamefuatilia ile iliyoachwa kwa miaka mingi, na walichokikuta ni kwamba baada ya miaka 20 hivi mimea iliyojileta yenyewe ilikuwa imefunika vya kutosha, tena ikiwa na aina nyingi kuliko pale palipopandwa. Gharama yake karibu na hakuna.

Halafu kuna hesabu moja ya Anthony Bradshaw wa Chuo Kikuu cha Liverpool, aliyetumia maisha yake kwenye mabaki ya migodi ya Uingereza. Alikadiria kwamba ili eneo la namna hiyo lijitegemee, liendelee kuota bila kusaidiwa, lazima liwe limekusanya nitrojeni kama kilo 1,000 kwa hekta. Hiyo ni kwa hali ya hewa ya kwao, kwetu itatofautiana, lakini chukueni kalamu. Mfuko wa urea wa kilo 50 una nitrojeni kilo 23. Kilo 1,000 ni mifuko zaidi ya 43 kwa hekta, yaani kama 17 au 18 kwa eka moja. Kwa eka nne za kijana wetu ni mifuko karibu 70. Na hata angekuwa nayo, angeimwaga kwenye kokoto isiyo na mboji, mvua mbili imeenda mtoni yote. Nitrojeni inayokaa ni ile iliyofungwa ndani ya majani yanayooza na mizizi inayokufa. Hiyo haiuzwi dukani.

Nani anaiweka? Angalieni tena orodha ya mimea niliyoikuta pale. Marejea ni jamii ya mikunde. Migunga ni jamii ya mikunde. Mkulajembe, mikunde. Mkwaju nao ni ukoo huo huo, ingawa wenyewe hautengenezi vinundu. Ng'oeni marejea mmoja taratibu mtaona vinundu kwenye mizizi. Kata kimoja kwa ukucha, kikiwa chekundu ndani kinafanya kazi, kinavuta nitrojeni hewani. Mikunde ikistawi vizuri inaingiza makumi ya kilo kwa hekta kwa mwaka. Ndiyo maana chini ya mgunga tulikuta vidole vinne na kileleni tukakuta cheche.

Na hapa ndipo kinyesi cha mbuzi kinaporudi. Msitu wa miombo ukikatwa huchipuka kwenye visiki na mizizi iliyobaki. Kifusi hakina visiki, kimetoka tumboni mwa ardhi. Kila mbegu lazima iletwe na kitu: nyasi na upepo, kishona nguo na suruali yako, mgunga na tumbo la mbuzi au ng'ombe aliyekula makunde yake. Pale karibu na hifadhi hata tembo anaifanya kazi hiyo. Kwa hiyo lundo lililo karibu na pori au malisho huota haraka kuliko lililozungukwa na mashamba matupu. Kama lako liko katikati ya mashamba, unaweza kulisaidia kwa kukusanya makunde ya migunga ya jirani na kuyatupa kwenye mifereji na nyuma ya mawe, kusipo na jua kali. Zoezi la asubuhi moja. Msinunue miche.

Kuhusu miche niseme kidogo, maana mtu ataniuliza habari za Bamburi. Ni kweli. Kule Mombasa, kwenye machimbo ya mawe ya chokaa ya kiwanda cha saruji cha Bamburi, Mswisi mmoja, René Haller, alianza kupanda miti mwaka 1971 kwenye mwamba mtupu. Alijaribu aina 26, zikaishi tatu tu, na mvinje ndio uliotamba. Lakini kinachosahaulika kwenye hadithi ile ni jongoo. Majani ya mvinje yalirundikana chini hayaozi, hamna udongo, miaka inakwenda. Haller akaona jongoo wekundu wanayatafuna, akawaleta kwa mamia, na kinyesi cha jongoo ndicho kikaanza kuwa udongo. Leo ni msitu, watu wanalipa kiingilio. Sasa mwamba ule ulikuwa mtupu kabisa, hamna kilichojiotea. Lundo la Mikumi lina ukoka, lina migunga, na jongoo nimewaona kwa macho yangu. Kung'oa hivyo ili upande mikaratusi ni kumfukuza fundi aliyefika kazini bila kudai mshahara ukamtafute mwingine wa kulipa.

Haya, upande wa pili. Wanaonipinga wana hoja, na mbili kati yake ni nzito.

Ya kwanza: kijana anahitaji kula mwaka huu. Miaka tisa, ishirini, hiyo ni lugha ya watafiti wenye mshahara. Nakubali. Ndiyo maana sikumwambia kijana aliache lundo aondoke. Nilimwambia alitumie bila kulivunja. Kwanza nyuki. Migunga na mkulajembe ni chakula kizuri cha nyuki, na lundo liko mbali na nyumba. Mizinga sita mguuni pa lundo haihitaji jembe. Pili majani. Ukoka na nyasi za ubavuni unakata kwa fyekeo, unaacha sentimita kumi, unauza kwa wenye ng'ombe wa maziwa na mbuzi. Unakata, hulishi pale pale; kwato kwenye mteremko wa kifusi zinaanzisha korongo ndani ya wiki. Tatu mbegu za marejea, ambazo wakulima wanaotaka kurutubisha mashamba yao huzitafuta. Je, hii ni pesa ya vitunguu? Hapana. Nisiwadanganye. Ni pesa ndogo kwenye eneo ambalo kwa alizeti lingekupa hasara, na tofauti hiyo muiweke kwenye daftari zenu za kilimo biashara mnazopenda kunionyesha. Trekta, mbegu, palizi, halafu korongo na kesi: mimi niliiona hesabu hiyo mwaka 2014.

Kwa alizeti yake nilimtafutia jibu lingine. Kati ya zile eka nne, kama moja na nusu si lundo kabisa. Ni uwanda uliokuwa kambi, udongo wa asili uko chini, umegandamizwa tu na magari. Hapo ndipo trekta liingie, lenye jembe la kupasua chini badala ya kugeuza, na hapo alime. Lakini apeleke sampuli ya udongo kwanza. TARI Ilonga iko hapa hapa Kilosa, SUA iko Morogoro, hakuna sababu ya kukisia. Kwenye uwanja wa kambi kumemwagika dizeli na oili chafu, na pembeni ya migodi mambo ni mabaya zaidi. Alizeti ni hodari wa kufyonza kadimiamu. Kama lundo lako ni la mabaki ya mgodi, wa makaa au wa dhahabu, usipande chochote cha kuliwa, hata mchicha wa nyumbani, mpaka maabara iseme.

Hoja nzito ya pili ni watu. Kichaka kisicho na mwenyewe kinaonekana ni pori, na pori kwetu linaingiliwa. Kilosa hatuhitaji kukumbushwa ugomvi wa mkulima na mfugaji unavyoweza kufika. Rudewa Mbuyuni, Desemba 2000, walikufa watu 38. Ukiliacha lundo liote bila kuongea na mtu, kiangazi ng'ombe watapanda, na utakuta unagombana na mzee ambaye hakuona alama yoyote ya kumzuia. Kwa hiyo kabla ya mizinga, kaeni na kijiji. Mkutano mkuu wa kijiji, si mwenyekiti peke yake chini ya mwembe. Muhtasari uandikwe: eneo la kuoteshwa, hakuna moto, hakuna kuchunga, majani yanakatwa na kuuzwa, wafugaji wa kijiji wanapata bei yao. Kijana wetu amewapa wafugaji wawili haki ya kununua majani kabla ya wengine, na hao wawili sasa ndio walinzi wake. Angalieni pia umbali: barabara kuu na za mkoa zina hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati, kwa Sheria ya Barabara ya 2007. Lundo likiwa ndani ya hapo si la kijiji kugawa.

Kuna wakati nami nasema ingilia. Ukiona korongo limeanza, liwekee mawe na matawi ya miiba kwa kukatisha, mapema, likiwa bado la kuruka. Ukiona gugu karoti, lile lenye majani kama karoti na vimaua vyeupe, ling'oe kabla halijatoa maua, ukiwa na glavu. Huko Arusha limeshawasumbua sana, na husafiri na magari na mitambo ya ujenzi, kwa hiyo malundo ya barabarani ndiyo mlango wake wa kuingilia kwetu. Mlusina nao ukiota peke yake ukajaza lundo lote, punguza. Na ukiona maji yanatoka katikati ya lundo, chemchemi, acha nyuki na acha majani, toka hapo ukatoe taarifa. Tarehe 21 Oktoba 1966, kijijini Aberfan, Wales, mlima wa mabaki ya makaa uliomwagwa juu ya chemchemi uliporomoka ukafunika shule. Walikufa watu 144, na 116 walikuwa watoto. Malundo yetu si makubwa vile. Lakini Kilosa ni wilaya ambayo mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na Januari 2010 yalibeba hadi reli.

Hayo yote ni ya malundo yaliyokwisha mwagwa. Kinachonikera zaidi ni yale yanayokuja. Ujenzi haujaisha, mashimo mapya yatachimbwa kwenye vijiji vyenu, na mkutano wa kwanza kijiji huuliza mambo mawili: fidia na ajira. Ongezeni la tatu. Kabla kijiko hakijaanza, udongo wa juu, ule mweusi wa sentimita 20 au 30, ukwanguliwe uwekwe pembeni peke yake, rundo fupi lisilozidi kimo cha mtu mara moja na nusu, usichanganywe na kifusi. Ndani ya udongo ule kuna mbegu, kuna mizizi, kuna kuvu wanaosaidia mizizi kupata chakula. Kazi ikiisha unarudishwa juu ya kifusi. Ule udongo ukirudi, mlichokiona kimechukua miaka tisa kwenye lundo la Mikumi mtakiona baada ya masika mawili au matatu. Miradi mikubwa inafanyiwa tathmini ya mazingira kwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na mpango wa kurudisha eneo huwa umo ndani. Ombeni kuusoma. Mwombeni mtendaji aulete mkutanoni. Vijana mnaosoma mikataba ya pembejeo mpaka herufi ndogo mnashindwaje kuusoma huu? Mkandarasi akishaondoa mitambo, hamna wa kumuuliza.

Mzee mmoja wa Ulaya, aliyewahi kuwa kibarua kwenye mashamba ya mkonge, aliniambia nilipomsimulia haya: "Sisi tulijua, bwana shamba. Penye mgunga ndipo tulipokuwa tunahamishia mahindi." Nikamuuliza mbona hakuniambia 2014. Akacheka. "Ulikuja na karatasi."

Trekta la Jumamosi lilikuja, likapasua ile eka moja na nusu ya kambi, likaondoka. Kijana alilipa kidogo kuliko alivyopanga, na hela iliyobaki ikatengeneza mizinga. Jana jioni ameniandikia: kati ya mizinga sita, miwili imeingiwa na nyuki, na wa tatu umeingiwa na siafu. Nimemwambia apake grisi kwenye nyaya za kuning'inizia na afyeke majani yanayogusa mzinga. Yanayogusa mzinga tu, mengine ayaache. Jumanne napita Zombo kwenda kwake, tutachimba tena kileleni tuone kama ukoka umepanda.